Vifaranga Nyuma ya Mashine ya Tatu

Nina hasira za karibu. Nalisema hili mapema ili msomaji asinihurumie mahali ambapo mkosaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa mwaka wa tano wa shahada ya uzamifu. Utafiti wangu ulihusu prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na swali ambalo kila nilipolieleza kwa majirani zetu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, walinipa pole: kwa nini kompyuta nane zilizounganishwa kufanya hesabu moja hazimalizi kazi kwa kasi mara nane? Jibu fupi ni kwamba zinangojana. Moja ikichelewa, saba zinakaa kuisubiri. Jibu refu ndilo lililokuwa limenikaba koo.

Mara mbili nilikuwa nimeutangazia ukoo mzima kwamba Desemba nitahitimu, na mara mbili Desemba ilinikuta kwenye kochi la mama, nimevaa soksi. Faraja pekee ya Desemba hizo ilikuwa Krismasi. Tulikula kuku mpaka mifupa ikajaa sinia, majirani wakaitwa, na hakuna aliyeniuliza habari za masomo. Nilidhani watu wamesahau, nikashukuru. Mwaka huo, nilipotangaza Desemba kwa mara ya tatu, chuo kiliniandikia barua ya adabu sana: nisipotetea tasnifu yangu kabla ya Septemba, jina langu litaondolewa kwenye orodha. Miaka mitano ingekuwa imeenda na maji.

Mtambo mkubwa wa chuo ulikuwa na foleni isiyokwisha, kwa hiyo nilijitengenezea wangu. Nilienda Kariobangi, mtaa wa jirani, kwa muuza kompyuta kuukuu, nikamwambia nataka nane zinazofanana kwa kila kitu.

"Sistee, hizi ni fiti," akaniambia, akipangusa moja kwa kiwiko. "Zimetoka ofisini. Kazi yao ilikuwa kutype barua na kucheza karata. Hazijachoka hata kidogo."

Nikazipandisha hadi kwa mama, ghorofa ya kwanza, juu ya ile nyumba ndogo ya zamani ambayo familia yetu, kama familia zote za Umoja, iliiongezea vyumba kila ilipopata mabati na saruji. Mama alinipa chumba cha wageni. Nilizipanga mashine juu ya meza mbili, nikazipa namba, nikaziunganisha kwa nyaya, na zilipoanza kunguruma pamoja nilitokwa na machozi. Kisha nikabandika karatasi mlangoni: USIGUSE.

Mama aliisoma mara mbili. Ni mwanamke aliyeuza viazi sokoni kwa miaka mingi, na hapendi maagizo yasiyoeleza mipaka yake.

"Hata vumbi?" akaniuliza.

"Hata vumbi, Mama."

"Na nikitaka kuingia tu?"

"Ingia. Lakini usiguse."

"Sawa," akasema. Hilo neno ningelisikiliza vizuri zaidi, ningeepuka mengi.

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Asubuhi niliziachia mashine kazi, nikaenda mjini kufundisha vipindi katika chuo kidogo, nikawa naziangalia kwa mbali kupitia simu. Jumatatu hadi Jumatano zilikuwa na programu ya kwanza, ya kuzidisha majedwali makubwa ya namba. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa na programu ya pili, ya kutafuta njia fupi katika ramani yenye vituo mamilioni. Jioni nilirudi nikasoma matokeo.

Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake ya kukunja vidole, na matokeo yakaanza kuwa ya ajabu. Jumatatu, kuanzia saa tatu asubuhi, mashine ya tatu ilipunguza mwendo. Saa kumi jioni ikarudi sawa. Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Alhamisi na Ijumaa haikuwa na neno. Jumapili, nilipoiwekea programu ya kwanza nikiwa nyumbani, ilikimbia vizuri kabisa. Wiki iliyofuata ikarudia hivyo hivyo.

Mtu mwenye akili timamu angesema mashine hiyo ina kasoro. Mimi nilisema nimegundua kitu.

Prosesa zinazotoka kiwanda kimoja siku moja huwa hazilingani kikamilifu. Kila moja ina udhaifu wake wa kuzaliwa. Hilo linajulikana. Mimi nikaongeza langu: kwamba mchana, mafundi wa kuchomelea vyuma wa Kariobangi wakiwasha mitambo yao, stima, yaani umeme, inayumba, na prosesa yenye udhaifu fulani huyumba nayo, lakini kwa aina fulani tu ya hesabu. Jumapili mafundi wako kanisani, au wamelala. Kila kitu kilikubaliana na kila kitu. Niliandika sura nzima, kurasa ishirini na nane, yenye michoro ya rangi. Niliipenda sura ile kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Msimamizi wangu, mzee mpole mwenye sweta moja, aliisoma akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hii ni mpya," akasema. "Hii inaweza kuwa ndiyo tasnifu yenyewe." Kisha akaniuliza swali ambalo lingeniokoa wakati huo huo: "Joto umelipima?"

Ni lazima nieleze. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ni jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angeliangalia. Lakini mimi ni mtoto wa Nairobi, na swali lile niliulizwa nikiwa nimevaa majaketi mawili.

"Mwalimu," nikamwambia, "ni Julai."

Akaangalia dirishani, akaona lile wingu la kijivu linalokaa juu ya mji mwezi mzima, akajivuta sweta. "Kweli," akasema. Sote wawili, wenye vyeti vyetu, tukaliacha hapo.

Ilikuwa imebaki wiki nne nisimame mbele ya jopo. Jumamosi moja niliamua kuzifungua mashine nizipulize vumbi, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa. Ya kwanza ilikuwa na vumbi. Ya pili ilikuwa na vumbi. Ya tatu, nyuma, kwenye matundu ambamo feni hutoa hewa, ilikuwa na unyoya. Mdogo, laini, wa manjano. Nilipochungulia vizuri nikaona na chembechembe za chakula, unga wa mahindi na kitu kingine cha kahawia.

Nilikaa nao kiganjani muda mrefu. Ndani ya mashine kunaweza kupatikana mende, hata panya. Unyoya wa manjano hauna maelezo katika kitabu chochote nilichosoma.

"Mama!" nikaita. "Kuna ndege anaingia humu?"

"Ndege gani?" akajibu kutoka jikoni, haraka mno.

Jumatatu nilitoka kama kawaida, na mkoba wangu, nikaaga. Nilifika hadi barabara ya Outer Ring, nikanunua njugu, nikazila zote nimesimama, kisha nikarudi. Ilikuwa saa nne kasoro. Nilipanda ngazi polepole, na kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti. Chumba changu cha utafiti kilikuwa kinalia piyo, piyo, piyo.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi. Nyuma ya mashine ya tatu, ikiwa imebanwa barabara kwenye matundu ya hewa, palikuwa na katoni kubwa iliyofunikwa leso ya jirani yetu wa chini. Ndani yake, katika hewa moto ya utafiti wangu, walikuwa vifaranga kumi na wanne, wamejitandaza kwa raha zao.

Nilipiga kelele. Sitaandika yote niliyosema. Nilisema habari za Septemba, nikasema habari za miaka mitano, nikasema habari za mafundi wa kuchomelea ambao nilikuwa nimewasingizia kwa kurasa ishirini na nane. Nikaonyesha ile karatasi ya mlangoni.

Mama alisubiri nimalize. Akaweka kikombe chini.

"Uliandika nisiguse," akasema. "Mimi sijagusa. Uliza hata hao."

"Mama, umeziba hewa!"

"Hewa yenyewe ulikuwa unaitupa. Moto mzuri hivyo unatoka tu, unaenda kwa ukuta. Ukuta unaumwa na baridi? Mimi niwashe bulb ya vifaranga, na hapa kuna moto wa stima hiyo hiyo?"

Kuhusu moto, hakuwa amekosea chochote.

Jirani wa chini akatokea mlangoni, amesikia kelele. Ni mama mtu mzima mwenye asili ya pwani, mshonaji, na huko nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la kuku ambalo siku zote nililijua kuwa lake. Ndipo nikaelezwa mpango wote. Usiku vifaranga hulala jikoni kwake, karibu na jiko. Asubuhi yeye huenda kibandani kwake kushona, jiko linazimwa, na baridi ndiyo huwaua. Basi mama huwapandisha kwangu nikishatoka, na saa kumi huwateremsha kabla sijarudi. Siku ambazo nipo nyumbani, Jumamosi na Jumapili, jirani naye haendi kushona, na jiko lake halizimwi.

"Usimkasirikie mamako, mwanangu," jirani akasema. "Miaka ya nyuma walikuwa wakitufia mikononi, maskini. Mara hii hajafa hata mmoja. Mashine yako ina baraka, wallahi."

"Kwa nini ya tatu?" nikauliza, kwa sababu bado nilikuwa mtafiti.

"Nilizipima zote kwa mkono," mama akasema, akinionyesha kwa nyuma ya kiganja, jinsi anavyopima maji ya kuogeshea mtoto. "Ya kwanza inapuliza kidogo. Ya nane iko kwa mlango. Ya tatu ndio iko na pumzi nzuri."

Nilitaka kuwatoa saa ile ile. Niliinama nikashika katoni, vifaranga wakainua vichwa wakanitazama, wote kumi na wanne. Nikaiachia. Nina hasira, sina roho mbaya.

Tulifanya hivi: tukazigeuza mashine zote, migongo yao ikatazama upande mmoja, katoni ikakaa umbali wa hatua moja, ikipata joto la zote nane bila kuziba hata moja. Niliketi na simu mkononi. Mashine ya tatu iliongeza mwendo kidogo, ikaongeza tena, na baada ya robo saa ilikuwa sawa na wenzake. Robo saa. Kurasa ishirini na nane, michoro ya rangi, kitu kipya duniani, vyote vilikufa ndani ya robo saa huku mama akiwaongezea vifaranga maji. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi. Sikuwa na tasnifu tena. Nilikuwa na kuku.

Mama alikuja akaketi ngazi ya juu yangu.

"Nimekuharibia?"

"Ndiyo," nikasema. Sikuona sababu ya kumdanganya.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayetafuta la kuongezea: "Hata hivyo moto wenyewe ni wa siku tatu tu. Alhamisi na Ijumaa ni shida. Siku hizo wanabanana kwa kona moja wakilia, mpaka nawafunika na blanketi. Hiyo kazi yako ya Alhamisi sio kazi. Hizo mashine huwa zimekaa tu."

"Mama, Alhamisi zinafanya kazi asilimia mia. Naona kwa simu."

"Simu ndiyo imekaa nao, ama ni mimi?"

Nilicheka, kwa dharau. Halafu dharau ikaanza kuniponyoka. Kifaranga akiwa na joto hujitandaza, akiwa na baridi hubanana na wenzake na kulia. Hajui kusema uongo na hajui asilimia. Na prosesa inayofanya hesabu kwa kweli hutoa joto. Ikiwa imekaa inasubiri namba ziletwe kutoka kwenye kumbukumbu, hupoa, ingawa mfumo wa kompyuta huendelea kuihesabu kwamba iko kazini, kwa sababu haijaondoka kwenye kiti. Sote tumewahi kuona ofisi za namna hiyo.

Nilirudi chumbani. Ndani ya kila prosesa kuna vihesabio vidogo vinavyorekodi inafanya nini kila nukta, ila ni lazima uende uviulize. Sikuwa nimeviuliza kuhusu programu ya pili, kwa kuwa simu ilisema asilimia mia na mimi nikaamini. Alhamisi niliviuliza. Programu yangu ya ramani, iliyokuwa ikijisifu kwamba iko kazini, sehemu kubwa ya muda wake ilikuwa imekaa inasubiri. Na huku nyuma, katika kona moja ya katoni, vifaranga kumi na wanne walikuwa wanabanana wakilia, na mama anawafunika blanketi bila kunitazama.

Hilo swali la nani kwa hakika anafanya kazi na nani amekaa tu ndilo nililokuwa nimeulizwa tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimelipita mbio nikikimbilia mafundi wa Kariobangi.

Nilimpigia msimamizi wangu. Nilimweleza yote.

"Kwa hivyo ile tabia ya mchana," akasema taratibu, "ni kuku?"

"Vifaranga, Mwalimu."

Nikasikia anakohoa, na kukohoa kule kukaendelea mpaka nikatambua kwamba anacheka. "Andika upya," akasema mwishowe. "Na safari hii, pima joto."

Wiki zile tatu sikulala vizuri wala kula vizuri. Nilibadilisha mpangilio wa programu ya ramani ili namba zinazohitajika pamoja zikae jirani, nikaiendesha tena. Nilijua kwamba imekubali kabla ya kusoma tarakimu. Mama alinipigia simu kazini, Ijumaa saa tano, akaniuliza nimefanya nini, maana vifaranga wamejitandaza.

Siku ya jopo nilivaa suti ya kukopa kwa binamu. Niliogopa sana. Mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mwenye miwani, ambaye alisoma tasnifu yangu na kalamu nyekundu mkononi tangu ukurasa wa shukrani. Alifika ukurasa fulani akasimama.

"Hapa umeandika kwamba ulishuku programu ya pili 'kutokana na uchunguzi wa awali wa joto.' Ulitumia kifaa gani?"

Msimamizi wangu alitazama dari. Ningeweza kutaja kipimajoto chochote. Nilifikiria miaka mitano, nikafikiria Septemba, nikamfikiria mama akiwa kwenye kigoda.

"Vifaranga," nikasema.

"Samahani?"

"Vifaranga wa kuku. Mama yangu aliwaweka nyuma ya mashine, na Alhamisi walikuwa wanalia."

Nikaeleza kila kitu, na leso na njugu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Yule mama alivua miwani.

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Walikufa wangapi?"

"Hakuna."

Akaandika. "Sampuli ni ndogo," akasema. "Lakini mimi pia nimelelewa na mama mfuga kuku. Ondoa maneno 'uchunguzi wa awali wa joto.' Andika ilivyotokea." Kisha wakaniambia nisubiri nje, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka wakaniita ndani, wakaniita daktari.

Nilifika nyumbani jioni, viatu mkononi. Mama alikuwa ukumbini anachambua sukuma wiki. Vifaranga walishakua, wameota manyoya ya kweli, wamehamia bandani chini. Hakuinuka. Aliniangalia miguu kwanza, halafu uso.

"Umepita?"

"Nimepita, Mama. Desemba nahitimu."

Akaweka kisu chini. Kisha akaenda dirishani, akalifungua lote, akainama nje mpaka nikaogopa ataanguka, akapaza sauti:

"Jirani! Jirani wee! Hawa hawaendi Krismasi!"

Chini nikasikia kitu cha chuma kinaanguka, na jirani akipiga vigelegele peke yake katikati ya banda.

Nilisimama pale na viatu vyangu mkononi. Ilinichukua muda, mimi daktari wa kompyuta. Kila mwaka niliposema Desemba nitahitimu, mama alikuwa akinunua vifaranga wa sherehe yangu. Kila mwaka niliposema bado, aliwachinja Krismasi bila neno, akaita majirani, na mimi nikala nikashukuru kwamba watu wamesahau.

Miaka miwili nimewala. Na ule mwaka wa kwanza, nakumbuka vizuri, nililalamika kwamba nyama ilikuwa ngumu.